Kifo Nje ya Geti

Maiti ilikuwa imelala chali kando ya barabara inayopita nyuma ya viwanda, miguu kwenye lami, kichwa kwenye majani. Mifuko yote ya suruali ilikuwa imevutwa nje.

"Amegongwa na gari, Afande," Koplo alisema. "Halafu vibaka wakammalizia."

Inspekta aliitazama ile mifuko. Kituoni walimwita Shangazi, akiwa hayupo, kwa sababu alikuwa na ulimi wa shangazi aliyeingia asubuhi kwenye nyumba ya watu akakuta vyombo vya jana havijaoshwa. Alivaa glavu, akapiga magoti, akaanza na shati.

Shati lilinuka pombe kali. Mfuko wa kifuani ulikuwa umetuna. Akatoa humo simu, funguo mbili, kitambulisho na noti zilizokunjwa.

"Vibaka gani hawa, Koplo?"

"Labda walishtuliwa, Afande."

"Walipata nafasi ya kuchokora mifuko yote ya suruali, hata huu mdogo wa nyuma usioingia kidole. Huu wa kifuani uliojaa pomoni hawakuuona?"

Koplo alikuna shingo.

"Nitafutie vioo vilivyovunjika. Rangi ya gari. Alama za breki. Damu. Chochote."

Koplo alitembea barabara nzima, akaenda na kurudi. Hakukuwa na kioo wala rangi, na lami ilikuwa safi. Wakati huo Shangazi alikuwa amefungua vifungo vya shati. Upande wa kushoto wa kifua ulikuwa umebonyea. Kuanzia kwapani hadi kiunoni ngozi ilikuwa na mistari myembamba, myeusi, iliyopangana. Lakini shati lenyewe halikuwa limechanika popote.

"Gari limevunja mbavu za mtu, shati likabaki zima," alisema. "Gari lenye adabu hilo."

Koplo alipekua simu, akakuta jina "Mama Watoto", akapiga. Mwanamke alifika kabla hawajamaliza kupiga picha. Aliishi mitaa miwili tu kutoka pale, na mikono yake ilikuwa bado na povu la sabuni. Aliutazama uso wa mumewe, akakaa chini majanini, akaushika mkono wake.

Mtu wa pili kufika alikuwa mwanamume nadhifu mwenye shati jeupe, kwenye pikapu ya kijivu. Alijitambulisha kuwa Mkurugenzi wa kiwanda cha nyaya za shaba, kile chenye ukuta mrefu pale mbele.

"Alikuwa mfanyakazi wangu," alisema. "Mtu mzuri sana. Pole, shemeji. Pole sana."

"Alitoka kazini lini?" Shangazi aliuliza.

"Jana jioni, pamoja na wenzake. Nadhani alipitia baa. Siku hizi alikuwa ameanza mambo hayo. Nilimwonya."

Mke aliinua uso. "Mambo gani?"

"Shemeji, huu si wakati wake."

"Mambo gani? Huko kwenu wanamwita nani?"

Mkurugenzi alitazama viatu vyake.

"Wanamwita Maji," mke alimwambia Shangazi. "Kwenye kila sherehe watu wanaagiza wanachotaka, yeye anaomba maji. Wamemtania hivyo tangu nimjue. Hata mimi namwita hivyo."

"Majonzi yanasema mengi," Mkurugenzi alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba yeye na Inspekta walikuwa upande mmoja. Kisha akamgeukia mke. "Kampuni haitakutupa. Tutachangia mazishi. Ila fidia, ndiyo hivyo tena. Bima yetu inalipa ajali ya kazini tu. Hii imetokea nje ya geti."

"Nani amekuuliza habari za bima?" Shangazi alisema.

"Nilikuwa namweleza tu, mama."

"Mtu hajafunikwa hata shuka, wewe umeshafika kwenye bima. Na mimi si mama yako. Mimi ni Inspekta."

Mkurugenzi alisogea pembeni kupiga simu. Mke alimvuta Shangazi mkono, akaacha povu kwenye mkono wa sare.

"Afande, mimi nafua nguo za watu. Watoto watatu wanakula na kusoma kwa mshahara wa huyu. Mkiandika alilewa akagongwa, hatupati kitu, na wanangu watakua wakiambiwa baba yenu alikuwa mlevi. Mimi naomba mwandike ukweli tu. Hata ukiwa mbaya, nitaubeba."

"Nitauandika," Shangazi alisema, "na nitakuletea mwenyewe."

Hapo ndipo hasira ilipompanda, na haikushuka tena siku ile. Alikuwa ameona wezi, wauaji na waume wapigaji, na wengi wao walikuwa na haya kidogo mbele ya mjane. Huyu hakuwa nayo hata ya kuazima.

* * *

Daktari wa uchunguzi wa maiti alikuwa mzee wa maneno machache. Alimwita Shangazi "dada" na hakuna aliyewahi kuona Shangazi akikataa.

"Pombe?" Shangazi aliuliza.

"Kwenye shati, ya kutosha harusi. Kwenye damu na tumboni, hata tone. Amemwagiwa."

"Gari?"

"Gari gani linachora mistari, dada?" Daktari alikunjua shuka. "Huu ni waya. Ulimzunguka, ukambana, ukamvuta kwenye kitu cha mviringo kinachozunguka. Mbavu zimevunjwa kwa kubanwa. Chini ya kucha kuna vumbi jekundu, nimelituma maabara, lakini ukiniuliza mimi nitakwambia ni shaba. Baada ya hapo mtu alimvua nguo zilizochanika, akamvalisha hizi."

"Alikufa pale pale?"

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Hapana. Nje ilitoka damu kidogo tu, nyingi ilivujia ndani, polepole. Saa nzima, huenda zaidi. Kutoka kiwandani hadi chumba cha upasuaji ni mwendo mfupi tu. Wangemleta juu kwa wenzangu, mimi nisingemjua mpaka leo."

Shangazi aliomba hayo yote kwa maandishi. Mlango wa chumba cha maiti aliufunga kwa kishindo, jambo ambalo hakuna anayelifanya mahali pale.

* * *

Wakiwa na hati ya upekuzi, yeye na Koplo walifika kiwandani zamu ya mchana ikitoka. Geti kubwa lilikuwa limefungwa, mlango mdogo ukiwa wazi, na mbele yake alisimama mlinzi mwenye mvi. Wafanyakazi walimwita Sumaku. Hakuna aliyejali kwamba shaba haivutwi na sumaku. Jina lilimkaa, kwa sababu hakuna kipande cha waya kilichowahi kupita mbele yake.

Foleni ilikwenda haraka. Kila mfanyakazi aliyekaribia alitoa vitu vyake kwenye suruali, simu, funguo, chenji, akavitia kwenye mfuko wa shati. Kisha akavuta nje mifuko yote ya suruali, mmoja baada ya mwingine, hata ule mdogo wa nyuma, akainua mikono. Aliyesahau mfuko mmoja, Sumaku aliuvuta mwenyewe bila kumtazama usoni, na aliyekuja na simu mkononi aliichukua akamtumbukizia kifuani. Wakatoka nje hivyo, mifuko ikining'inia, watu wazima wenye wake na watoto. Wengine waliirudisha ndani walipofika barabarani. Wengine walikuwa wamechoka hata kuirudisha.

Koplo alifungua mdomo. "Afande..."

"Naona."

"Kwa hiyo yule alitoka..."

"Alitokea hapa. Na hakujivuta mifuko mwenyewe."

Ndani walikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha kukunjia waya. Ngoma ya chuma, kubwa kuliko pipa la mafuta, ilikuwa imesimama katikati. Kwenye fremu yake palikuwa na matundu manne ya bolti, yamejaa grisi na vumbi la siku nyingi. Hapakuwa na kitu kilichofungwa hapo.

"Kinga ya mashine iko wapi?" Shangazi alimwuliza fundi aliyekuwa akifagia, mwanamume mfupi mwenye sauti ya mafua.

"Ilitolewa, Afande. Waya ukikwama lazima usimamishe mashine ufungue kinga, ndipo uunyooshe. Mkurugenzi alisema tunapoteza muda. Sasa tunaunyoosha kwa mkono, ngoma ikizunguka."

"Na mnakubali?"

Fundi alimtazama kama anayetazama mtoto. "Anayekataa anaonyeshwa geti."

"Jana jioni nani alikuwa hapa?"

"Maji. Sisi tuliruhusiwa mapema. Yeye aliambiwa abaki peke yake amalize oda. Leo asubuhi tumekuta sakafu imeoshwa. Hapa sakafu haioshwi, Afande, hata mgeni akija."

Mtaalamu wa eneo la tukio aliitwa kutoka kituoni, akanyunyiza dawa yake ya kufichua damu, wakaziba madirisha, wakazima taa. Chini ya ngoma sakafu iling'aa kwa rangi ya samawati, na mng'ao ukaenda kama mtu aliyeburutwa hadi mlangoni. Fundi alivua kofia. Kwenye safu ya misumari ya kutundikia ovaroli, msumari wa Maji ulikuwa mtupu.

* * *

Sumaku aliketishwa kwenye chumba cha mahojiano kabla jua halijazama. Koplo alikaa pembeni kuandika. Shangazi alimwonya kisheria, akamweleza haki zake, akavuta kiti.

"Mzee, jana ulimpekua nani wa mwisho?"

"Zamu iliyotoka jioni. Wote."

"Na baada yao?"

"Hakuna."

"Maji je?"

"Alitoka na wenzake."

"Wenzake wanasema alibaki."

Mlinzi alitazama mlango.

"Nikusaidie, mzee. Aliyegonga mtu na gari hana haja na mifuko yake. Kibaka angechukua simu na pesa. Nani duniani anatoa vitu vya mtu kwenye suruali, anavihamishia kwenye shati, halafu anamwachia vyote? Mimi namjua mmoja tu. Leo mchana nimemtazama akifanya hivyo zamu nzima."

Sumaku aliitazama mikono yake juu ya meza kama vile ni ya mtu mwingine.

"Mkono ulikwenda wenyewe, Afande."

"Eleza."

"Tulikuwa tumembeba. Mimi kichwani, bosi miguuni. Tulikuwa tumeshambadilisha nguo, bosi amemmwagia chupa ile. Tulipofika getini bosi akasema tumweke chini, afungue pikapu. Nikamweka. Na mimi..." Alifuta pua kwa kiganja. "Hakuna anayepita pale bila kupekuliwa. Kipande kikipotea nakatwa mimi. Miaka yote hiyo. Nikaanza tu."

"Ukampekua maiti."

Mzee alianza kulia, kwa sauti, bila kujificha.

"Hakuwa maiti."

Kalamu ya Koplo ilisimama.

"Nilipofika mfuko wa nyuma, aliguna. Akafumbua macho. Akasema, 'Mzee, mpigie mama watoto.' Simu yake nilikuwa nimeishika, Afande. Ndiyo kwanza nimeitoa kwenye suruali."

"Ukafanya nini?"

"Nikamtazama bosi."

"Sikuulizi ulimtazama nani. Nauliza ulifanya nini."

"Nikaitia kwenye mfuko wa shati."

Shangazi alisubiri mpaka akaweza kusema bila kupiga kelele. "Na bosi alisema nini?"

"Alisema, 'Mshike vizuri, tusichelewe.'"

* * *

Afisa wa bima aliitwa kituoni. Alikuwa kijana mwenye tai iliyomkaba, na alidhani ameitwa kwa sababu kampuni yake imekosea.

"Kiwanda kile kina bima ya fidia kwa wafanyakazi?" Shangazi aliuliza.

"Kinayo. Wafanyakazi wote, ada imelipwa. Mteja wetu mzuri."

"Mzuri vipi?"

"Hajawahi kudai. Asiyedai tunampunguzia ada."

"Mfanyakazi akifa kwenye mashine?"

"Familia inalipwa. Hatuulizi kosa ni la nani, la mwajiri au lake mwenyewe. Ndiyo maana ya bima hii, watu wasianze kugombana na msiba uko ndani."

"Akijeruhiwa asife?"

"Tunalipa matibabu yote. Kama hawezi tena kufanya kazi, tunamlipa kila mwezi maisha yake yote. Dai la namna hiyo ndilo zito kuliko yote, Afande."

"Na mwajiri anapoteza nini?"

"Ada inapanda, na akiwa na mlemavu wa kulipwa inabaki juu miaka na miaka. Halafu tunatuma mkaguzi aone mashine." Kijana alisita. "Kwani mnadai ilikuwa kazini? Yeye alitupigia leo asubuhi na mapema, akauliza kama aliyegongwa barabarani anahesabiwa. Tukamwambia hahesabiwi."

"Asubuhi na mapema. Sisi tulikuwa bado hatujamjulisha hata mkewe."

Kijana alilegeza tai.

* * *

Mkurugenzi alikuwa ameletwa akiwa na shati lile lile jeupe. Alionywa, akasema haogopi kuzungumza, wakili wake atamkuta. Kwa dakika chache za mwanzo alikana kila kitu kwa upole mkubwa. Shangazi alimwekea mezani picha ya sakafu iliyong'aa. Akamwekea ripoti ya daktari. Akamsomea maelezo ya Sumaku, neno kwa neno, bila kubadilisha sauti.

"Yule mzee ni mgonjwa," Mkurugenzi alisema.

"Kwenye pikapu yako tumekuta damu chini ya zulia."

Mkurugenzi aliegemea kiti, akapumua kama mfanyabiashara anayekubali kupunguza bei.

"Sikumwua. Mashine ndiyo ilimkamata. Nilisikia kelele, nikakimbia, nikaizima mimi mwenyewe. Mimi ndiye niliyeukata ule waya."

"Vizuri. Simu ya gari la wagonjwa iko mezani kwako. Kwa nini hukupiga?"

"Nilikuwa na oda kubwa. Mkaguzi angekuja, angeona kinga imetolewa, angefunga chumba. Ningepoteza mteja. Watu wote wale wangekosa kazi. Nilikuwa nawafikiria wao pia."

"Ulikuwa na bima. Umeilipia kwa ajili ya siku kama ile."

"Bima ukiitumia inakuadhibu, Inspekta. Wewe ni mwajiriwa, huwezi kuelewa. Unalipa usiidai. Nimejenga jina safi kwao miaka mingi."

"Alikuwa hai."

"Alikuwa ameumia vibaya."

"Alikuwa hai, na alizungumza, na ulimsikia."

"Ungemwona!" Mkurugenzi alipiga meza. "Asingefanya kazi tena yule. Wangempeleka hospitali, wangemshona, angekaa nyumbani analipwa kila mwezi mpaka azeeke, na kila mwaka mkataba ukifunguliwa jina langu liko pale pale na ajali yake. Ilikuwa hasara isiyo na mwisho. Aliyekufa barabarani ni bahati mbaya tu, hana wa kumdai."

Alikuwa amelieleza jambo lile vizuri, hatua kwa hatua, kama anayemfafanulia mteja. Uso wake ulibadilika polepole alipojisikia.

"Sikumaanisha hivyo," alisema.

Shangazi alisimama. Koplo naye alisimama, akidhani itabidi amzuie. Hakukuwa na haja, ingawa baadaye Shangazi alikiri kwamba mkono ulimwasha.

"Ulimlaza kwenye lami ukamwacha afe," alisema. "Na mkewe yuko mitaa miwili kutoka hapo. Kisha ukaja kumwita shemeji." Aligeuka. "Koplo, kwenye karatasi ya mashitaka ulikuwa umeandika nini?"

"Kuficha kifo na kuharibu ushahidi, Afande."

"Kata. Andika kuua kwa kukusudia. Mlinzi pia, mahakama itapima sehemu yake."

Mkurugenzi alimshika Koplo mkono wa shati. "Samahani. Hivi bima ya kampuni, inagharamia na wakili?"

Koplo, ambaye kwa kawaida hakuwa na maneno mabaya, alimwambia neno ambalo halikuandikwa kwenye maelezo.

* * *

Mke wa Maji alikuwa kwenye benchi la koridoni tangu jioni. Watoto alikuwa amewaacha kwa jirani. Shangazi aliketi karibu naye, si mbele yake.

"Mumeo hakulewa," alisema. "Na hakuna gari lililomgonga. Aliumia kazini, kwenye mashine iliyoondolewa kinga. Wamekiri. Fidia ni haki yako na ya watoto, afisa wa bima yuko chumba kile pale, na nimemwambia haondoki mpaka akueleze yote."

Mwanamke aliitikia kwa kichwa taratibu. Mabega yake yalishuka kidogo, kama ya mtu aliyetua ndoo.

"Nilijua," alisema. "Alikufa hapo hapo kwenye mashine?"

Shangazi angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa mdomoni tayari, na hakuna aliyekuwa karibu wa kumsuta. Lakini mwanamke huyu alikuwa ameomba kitu kimoja tu, tena asubuhi ile ile, na mtu mwenye cheo alikuwa ameshamdanganya.

Akamwambia. Alimwambia kuhusu geti, na mlinzi, na macho yaliyofumbuka. Akamwambia aliyoyasema mumewe, na mahali simu ilipokuwa wakati akiyasema.

Kutoka chumba cha mahojiano vilisikika viti vikisogezwa, Mkurugenzi akipelekwa mahabusu.

"Ilikuwa usiku sana?" mwanamke aliuliza.

"Hapana. Giza lilikuwa limeanza kuingia tu."

Alitikisa kichwa, mara nyingi, kama anayetaka kukielewa kitu na kinakataa.

"Nilikuwa macho," alisema. "Watoto wamekula, nimekaa mlangoni, namsubiri. Ningefika pale kwa miguu, Afande. Nilikuwa macho."